Kazi ya Mungu na Makosa Yetu

Mwezi wa Mei mwaka 2015, makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko ya nchi yao walijazana Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Huko waliingojea meli ya Liemba iwafikishe Kigoma, ndipo wapelekwe kambini Nyarugusu, wilaya ya Kasulu. Maji yao yalikuwa ya ziwa lile lile lililochafuliwa na msongamano wao. Kipindupindu kikazuka, na watu wapatao 30 wakafa. Mwezi wa Oktoba kambi ya Nduta, huko Kibondo, ilifunguliwa tena. Baadhi ya wakimbizi wakahamishiwa huko, na misiba yao wakaenda nayo.

Matangani twazoea kusema: “Kazi ya Mungu haina makosa.” Ni neno la kweli. Walakini yatupasa kupima ni nani alisemaye, na amwambia nani. Mama aliyemzika mwanawe akilitamka mwenyewe kwa machozi, hiyo ni sala. Lakini jirani akimwambia neno hilo ili anyamaze, je, hiyo ni imani? La, hasha! Maji machafu hayakuwa kazi ya Mungu, wala machafuko yaliyowafukuza watu makwao. Hayo ni makosa ya wanadamu. Tusimtwike Mungu mzigo ulio wetu.

Mtu ataniuliza: Ikiwa Mungu ni mwema, mbona aliacha yatokee? Sina jibu la kumtosha mama yule. Hata rafiki za Ayubu hawakuwa nalo. Walipoketi naye kimya siku saba walifanya vema; walikosa walipofumbua vinywa ili kueleza. Naye Bwana wetu, ingawa alijua ya kuwa atamfufua Lazaro, kwanza alilia.

Basi, kuutumaini wema wa Mungu si kuijua sababu ya msiba. Ni kuzidi kumwita Baba hata pale tusipomwelewa, na kutenda kama watoto wake. Wauguzi waliowanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na sukari, wakawarudishia uhai, waliuhubiri wema huo kuliko maneno mengi. Ile ndiyo kazi ya Mungu, nayo haikuwa na makosa.

Ndugu msomaji, ukienda matangani juma hili, usichukue maelezo. Chukua kuni na mtungi wa maji safi, kisha uketi na wafiwa.