Je, Fimbo ya Mchezo Yastahili Sifa?

Mtu akisifu jembe zuri, hakuna amshangaaye, kwa maana jembe hulisha nyumba. Akisifu mtumbwi uliochongwa vema, wavuvi wote watamwitikia. Lakini akisimama mbele ya fimbo ya biliadi, akaigeuza mkononi kitambo kirefu na kusema, "Aliyeitengeneza hii ni fundi kweli", je, amesema neno la maana au la upuuzi? Wako watu wenye akili wajibuo kwamba ni upuuzi. Husema: mchezo si kazi, na jasho lililomwagwa kwa ajili ya mchezo limepotea. Neno lao si la kudharauliwa. Basi lipimwe, lakini kwanza kitu chenyewe kijulikane, kwani mtu hawezi kuhukumu asichokijua.

Biliadi ni mchezo wa mezani. Meza yake ni jiwe lililosawazishwa na kutandikwa kitambaa cha sufu, na juu yake iko mipira migumu. Kwa namna ichezwayo sana huko Marekani, mchezaji huupiga mpira mweupe kwa ncha ya fimbo, ili ukaupige mwingine na kuutumbukiza katika tundu la ukingoni. Fimbo yenyewe ina urefu wa sentimeta 147 hivi, na uzito wa gramu 500 hadi 600. Zilizo nyingi hutoka viwandani, nazo zote ni sawasawa kama misumari. Lakini nyingine hutengenezwa na fundi mmoja kwa ajili ya mtu mmoja, kama vile mshonaji apimavyo nguo mwilini mwa mwenyewe. Hizo ndizo zisemwazo hapa.

Sehemu ya mbele, ile nyembamba, hufanywa kwa mti mgumu mweupe wa Amerika ya Kaskazini uitwao mepo. Nao ni wa ukoo wa ile miti ambayo watu wa huko huchemsha maji yake wakapata asali. Fundi huchagua ubao ulionyooka nyuzi zake, uliokauka vizuri. Kisha hauchongi siku moja akamaliza. Huukereza kidogo tu katika mashine, akautundika na kuuacha. Baada ya majuma, pengine miezi, huukereza tena kidogo, akautundika tena. Kwa nini hivyo? Kwa sababu ndani ya mti mna nguvu zinazovutana. Ukiondoa nyama ya nje, zile za ndani hufunguka, na fimbo iliyokuwa imenyooka leo itakutwa imepinda kesho. Fundi mwenye haraka huuza kabla mti haujasema neno lake la mwisho. Fundi mwaminifu hungoja; na mti uliopinda, hata kama umemla kazi ya mwaka mzima, huutupa kando. Je, ni wangapi wawezao kutupa kazi ya mwaka mzima pasipo mtu kuwalazimisha?

Sehemu ya nyuma, mnene, ndiyo yenye mapambo, na hapo macho hukaa. Fundi hukata mifereji minne katika mti wa rangi moja, akaipachika mirefu ya mti wa rangi nyingine, na katikati yake mbao nyembamba kama karatasi, nyekundu, nyeusi, kijani. Gundi ikiisha kukauka, kitu hicho ni kibaya kukitazama: gogo lenye pembe pembe, lisilo na umbo. Kisha huliweka katika mashine na kulikereza, na kadiri pembe zinavyoondoka, ndivyo ncha nne kali zinavyotokea, kama mikuki inayoelekea juu. Hapo siri ya kazi hufichuka. Ikiwa mifereji ilikatwa sawa, na mti ukakaa katikati barabara, ncha zote nne hukoma mahali pamoja. Ikiwa mti ulihama upana wa unywele tu, ncha moja hupanda juu na nyingine hubaki chini, wala hakuna msasa wala rangi iwezayo kuliponya kosa hilo. Ndiyo maana wajuao fimbo hutazama ncha kwanza, mengine baadaye.

Lakini lililo kubwa zaidi halionekani. Vipande vya fimbo vimeunganishwa ndani kwa skrubu na gundi, na juu yake hufungwa uzi wa kitani kwa kushika mkono. Nani atafungua uzi huo apate kutazama? Hakuna. Fundi akiacha nafasi kidogo ndani, mnunuzi atalipa vilevile, atashukuru vilevile, atakwenda zake. Hata hivyo kuna siku. Siku ile mpira unapopigwa kwa nguvu, fimbo yenye ulegevu ndani hulia mkononi, mlio wa kutetemeka kama nzi aliyefungiwa chupani. Iliyo imara hutoa sauti moja, kavu, ikanyamaza.

Basi wale wasemao kwamba jasho la mchezo limepotea wajibiwe swali hili: ngoma hulima shamba gani? Ngoma haipiki wala haichoti maji; lakini hakuna kijiji kilichomwita mtengeneza ngoma mpotevu. Mtu huchonga kigoda, halafu hukaa usiku akikitia nakshi miguuni, na nakshi hiyo haimzidishii raha akaliaye. Binadamu tangu zamani hakuridhika na kifaacho peke yake. Kadhalika, yule asifuye fimbo hasifu mipira kutumbukia tunduni. Asifu subira, na mkono usiodanganya mahali ambapo ungeweza kudanganya. Hayo ni mema popote yalipo, katika mpini wa jembe hata katika kitu cha kuchezea.

Kisa cha mmoja wa mafundi wenye jina kuu kabisa katika kazi hii chafaa kusimuliwa. George Balabushka alizaliwa Urusi mwaka 1912, akaletwa Marekani mwaka 1924, angali mtoto. Alipokua akawa seremala huko New York, akitengeneza vitu vya watoto vya kuchezea, vya mti. Alipenda biliadi, akaanza kutengeneza fimbo zilizovunjika; na mwaka 1959 alitengeneza chache awape rafiki zake zawadi ya Noeli. Ndivyo ilivyoanza. Toka hapo hadi kufa kwake, mwaka 1975, alifanya kazi hiyo, na fimbo zake leo hununuliwa kwa maelfu ya dola. Lakini tazama: zile ncha nne katika fimbo zake nyingi hakuzikata yeye. Zilitoka kwanza katika kiwanda cha Brunswick, baadaye kwa mafundi wengine, Burton Spain na Gus Szamboti.  Ni wasifuji ambao, kwa uvivu, hulichukua jina moja na kulifunika juu ya mikono mingi. Katika mwaka 1986 ilitoka sinema iitwayo The Color of Money, na ndani yake kuna fimbo iitwayo Balabushka. Watu wengi waliitamani. Kumbe fimbo iliyoonekana haikuwa yake hata kidogo. Ilitoka katika karakana ya Joss, kwa mfano wa zake. Walichokitamani ni jina. Huko si kusifu kazi. Ni kusikia sifa na kuirudia.

Kuna mikono mingine pia, nayo haina majina. Mti mweusi upendwao sana na mafundi hao hukua katika misitu ya Gabon, ya Kameruni na ya Kongo. Na zamani mapambo meupe ya fimbo, na ile pete ndogo iliyo karibu na ncha, yalikuwa ya pembe za ndovu. Mipira yenyewe vilevile ilikuwa ya pembe. Pembe hizo zilitoka wapi? Nyingi zilipita katika mito na njia za Kongo. Wafanya biashara wa Unguja, kama Tippu Tip, walizipeleka upande wa mashariki kwa mabega ya wapagazi, na baadhi ya hao walikuwa watumwa. Halafu, katika miaka 1885 hadi 1908, nchi ilipokuwa mali ya mfalme Leopold wa Pili, zilishuka mto mpaka baharini, zikauzwa Antwerp; na watu wa vijiji walilazimishwa kwa nguvu kuleta pembe na mpira. Mtu aliyekaa mezani Ulaya jioni, akisikia mpira ukigonga mpira kwa sauti nzuri, hakusikia kingine.

Je, basi uzuri wa fimbo ya kale yenye pembe ni uwongo? Sivyo. Aliyepachika kipande kile cheupe bila ufa alifanya kazi yake vema, na wema huo haufutiki. Lakini wala wema wa mkono wake hausafishi njia ambayo pembe ilipita. Mambo hayo mawili hayachanganywi ili moja limmeze jingine. Msifuji anayetaka kusema kweli hana budi kuyasema yote mawili, hata kama la pili laharibu furaha ya la kwanza. Mwaka 1989 mataifa yalikutana Lausanne, huko Uswisi, yakakubaliana kukataza biashara ya pembe za ndovu wa Afrika kati ya nchi na nchi. Na leo mafundi wengi hutumia vitu vya viwandani mahali pa pembe. Wako wanunuzi walalamikao kwamba uzuri umepungua. Labda umepungua kidogo. Ndovu hawajalalamika.

Yabaki neno moja la wapingaji, nalo ndilo lenye nguvu kuliko yote. Husema: fimbo hizo hununuliwa na matajiri, zikafungiwa katika kabati za kioo, wala hazichezwi kamwe, basi si chombo tena, ni fedha iliyosimama wima. Ni kweli, na jambo hilo lasikitisha. Lakini kosa si la fimbo. Fundi aliipima kwa mkono wa mtu, akaitafutia uzito usiochosha bega, akachagua ngozi ya ncha ili ishike mpira isiteleze. Hakufikiri kioo. Mwenye kuificha asikute hata alama moja ya kutumika amenunua kazi ya mwingine na kuinyamazisha, kama mtu anunuaye ngoma akaitundika ukutani.

Kuna wachezaji wazee huko Marekani walioshika fimbo moja maisha yao yote. Ngozi ya ncha imebadilishwa mara nyingi isizohesabika. Kitani kimekuwa cheusi kwa jasho, na ule mti mweupe wa mbele umeingiwa na chaki ya buluu isiyotoka tena kwa kupangusa. Mzee wa namna hiyo kabla ya kucheza huilaza fimbo mezani na kuibingirisha taratibu, akiinama kutazama kama mwanga wapenya chini yake. Akiona haupenyi, huiinua na kupaka chaki.