Dogo, Usianze Kazi kwa Kraki

Kijana anayeanza kupiga picha ana swali moja la kawaida kabisa: atumie programu gani kuhariri picha zake? Jibu alilopewa kijana mmoja mbele yangu wiki hii limenikaa rohoni. Nimejaribu kulipuuza, nimeshindwa.

Ilikuwa Kariakoo, kwenye kibanda cha fundi kompyuta. Nilikuwa nimepeleka laptopu yangu ipulizwe vumbi. Kijana akaingia na begi mgongoni, kamera ya Canon ya mtumba ikining'inia shingoni, mkanda wake umeshachakaa kwa mikono ya wenyewe waliotangulia. Akanipa shikamoo, akamgongea fundi ngumi, kisha akaeleza shida yake. Anapiga picha za sendofu na kipaimara mtaani kwao, watu wameanza kumlipa, na sasa anataka programu ya kuediti inayomfaa mtu anayeanza.

Fundi hakumuuliza laptopu yake ina RAM kiasi gani. Hakumuuliza kama anapiga JPEG au faili ghafi, wala picha zake huishia wapi, kwenye albamu au kwenye WhatsApp. Alisema tu: "Dogo, lete elfu thelathini nikupigie Photoshop na Lightroom, zote kraki, na priseti elfu moja juu yake. Ila kwanza tuzime antivairasi, inasumbua."

Kijana akauliza kwa sauti ya chini: "Nasikia kuna za bure, kaka?"

Kibanda kizima kikacheka. "Mteja akijua unatumia ya bure," fundi akamjibu, "na yeye atakulipa bure."

Kijana naye akacheka, kile kicheko cha mtu asiyetaka kuonekana mshamba. Akatoa hela.

Tuelewane. Sina ugomvi na Photoshop. Ni kazi kubwa ya ndugu wawili Wamarekani, Thomas na John Knoll, na tangu kampuni ya Adobe ilipoitoa sokoni mwaka 1990 imebadilisha namna dunia inavyotengeneza picha. Wala siwezi kumlaumu kijana kwa kuiona ghali. Mwaka 2013 Adobe waliachana na mtindo wa kuuza matoleo mapya kwa mkupuo, wakahamia malipo ya kila mwezi, tena kwa dola. Kijana wetu analipwa kwa simu baada ya shughuli, na wapo wateja wanaomaliza deni la picha za harusi mtoto wa ndoa hiyo akiwa ameshaanza kutambaa. Dola za kila mwezi atazitoa wapi? Hilo nalielewa vizuri.

Kinachonikera ni kwamba kati ya kulipa na kuiba, watu wazima tuliojaa pale kibandani hatukumwonyesha njia nyingine, na njia ipo, tena pana. Kamera ile ile iliyokuwa shingoni mwake ilimpa haki ya kupata programu halali. Canon hutoa Digital Photo Professional bure kwa wenye kamera zake, na inafungua mafaili ghafi ya kamera hizo bila taabu. Wenye Nikon wana NX Studio, nayo ya bure. Anayepiga kwa simu ana Snapseed, ambayo iko mikononi mwa Google tangu 2012 na haidai senti. Anayetaka kuchezea picha kwa tabaka, kukata mandhari na kuunganisha vichwa, ana GIMP, iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa Berkeley huko California na kutoka kwa umma mwaka 1996. Anayetaka kuzama kwenye mafaili ghafi ana darktable na RawTherapee. Darktable itamtoa jasho wiki za mwanzo, sitamdanganya, maana ina vitufe vya kumchanganya hata mzoefu. Lakini jasho hilo ni la kujifunza kazi.

Nawasikia mnaoniambia: mwandishi, wewe una mshahara, mwache kijana ale. Adobe ni matajiri, hawatapungukiwa kitu kwa elfu thelathini za Kariakoo.

Pengine hawatapungukiwa. Mimi namwangalia kijana. Nina jamaa yangu, mpiga picha wa harusi, ambaye juzi alikuja kwangu akifoka. Saluni moja imechukua picha ya bibi harusi aliyempiga yeye, wameibandika kwenye bango kubwa barabarani, hawakumwomba wala hawakumlipa. Ana hasira, na ana haki ya kuwa na hasira. Nikamuuliza programu aliyoihariria picha hiyo aliipata wapi. Akanyamaza, kisha akasema hayo ni mambo mengine. Mkuki kwa nguruwe! Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inayolinda picha yake ndiyo inayolinda programu za kompyuta. Huwezi kuishika kwa mkono mmoja ukiwa mdai, ukaikanyaga kwa mguu ukiwa mdaiwa. Na mpiga picha, kuliko mtu mwingine yeyote, anaishi kwa kutegemea wazo kwamba kitu kisichoshikika, kinachonakiliwa kwa kubonyeza kitufe, bado kina mwenyewe. Akiliua wazo hilo siku ya kwanza ya kazi, atawaambia nini watu wa saluni?

Halafu kuna lile la kuzima antivairasi. Programu za kraki ni mlango unaojulikana wa virusi, vikiwemo vile vinavyofunga mafaili yote na kumdai mwenyewe fidia. Laptopu ya mpiga picha ina harusi za watu ndani yake. Harusi hairudiwi. Siku mafaili yakifungwa, atakayesimama mbele ya mama mzazi wa bibi harusi kueleza siyo fundi.

Lakini hata wizi na virusi tukiviweka kando, bado ningemkataza. Programu ya kwanza humfunza mtu tabia ya kazi, na mazoea yana tabu. Mtu akianza kwa kubonyeza priseti, yaani mipangilio iliyoandaliwa tayari na mtu mwingine, atabonyeza priseti hadi azeeke.

Chukua mfano wa faili ghafi, lile ambalo fundi hakuliuliza. Picha ya JPEG hubeba ngazi 256 za mwanga kwa kila moja ya rangi tatu. Faili ghafi la biti 14 linaweza kubeba ngazi 16,384. Sasa mpeleke kijana ukumbini Jumamosi usiku: gauni jeupe linalomeremeta, uso mweusi wenye kung'aa kwa jasho la kucheza, taa za LED zinazorusha zambarau na bluu kila upande. Kwenye JPEG, kamera imeshaamua yenyewe kipi kibaki na kipi kitupwe. Ukijaribu kuinua mwanga usoni, unapata mabaka. Ukijaribu kuondoa zambarau, ngozi inakuwa na rangi ya majivu. Kwenye faili ghafi bado una nafasi kubwa ya kurekebisha. Unashusha weupe wa gauni hadi ushonaji wake uonekane, unainua kivuli usoni taratibu, unatafuta kitu unachojua ni cheupe, labda kanzu ya shekhe au kitambaa cha meza, unaiambia programu ianzie hapo kupima rangi. Hayo ndiyo mafunzo. Na yanafanyika vizuri kwenye ile programu ya bure ya Canon, kwenye darktable, kwenye Lightroom, kokote, kwa sababu mwanga ni ule ule.

Programu nzuri ina adabu nyingine: haigusi picha ya asili. Lightroom na darktable huandika maagizo pembeni, ongeza hiki, punguza kile, na faili lenyewe linabaki kama lilivyotoka kwenye kamera. Kesho ukigundua umezidisha, unafuta maagizo tu. Anayeifungua JPEG yake, akaibadilisha na kuihifadhi juu ya ile ya mwanzo, ni fundi cherehani anayekata kitambaa cha mteja kabla hajapima. Faili la asili pia ni shahidi: mwaka 2015 shindano la picha za habari la World Press Photo liliondoa asilimia 20 ya picha zilizofika hatua ya kabla ya mwisho, baada ya waandaaji kuzilinganisha na mafaili ya asili na kukuta zimechezewa. Hao hawakuwa wanafunzi, walikuwa watu wazito wa kazi. Mkono ukizoea kuzidisha, haujui tena pa kuishia.

Sasa nije kwenye zile priseti elfu moja, maana ndizo zilizonikosesha usingizi zaidi. Nani alizitengeneza, na kwa ajili ya ngozi ya nani? Hili lina historia. Kuanzia miaka ya 1950, Kodak walikuwa wakizipa maabara kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley, ili mafundi wapimie rangi kwayo. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, mashine iko sawa. Sisi wengine tulitoka meno na macho. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwongozaji filamu Jean-Luc Godard, akiwa na kazi Msumbiji, alizikataa filamu za Kodak akisema ni za kibaguzi. Na kati ya mambo yaliyoisukuma Kodak kuboresha rangi nyeusi na za kahawia, yalikuwamo malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao zilikuwa hazitokei sawasawa. Ngozi zetu zilinufaika kwa sababu ya kabati!

Leo kijana wa Dar es Salaam ana uwezo ambao wapiga picha wa enzi hizo hawakuwa nao: anaweza kuipima rangi mwenyewe, uso kwa uso. Halafu anaukabidhi uwezo huo kwa priseti iliyotengenezwa na mtu asiyemjua, kwa jua lisilo la kwetu. Tazameni albamu za sendofu za siku hizi. Uso umelainishwa hadi umekosa vinyweleo, umepandishwa weupe ngazi mbili tatu, shingo na mikono vimebaki na rangi yake. Serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, tunausaka mkorogo madukani, kisha tunaukaribisha kwenye kompyuta na kuulipia.

Mtaniambia: mteja mwenyewe ndiye anayetaka kung'arishwa. Kweli, wapo. Lakini wangapi waliulizwa? Wengi hupewa picha zikiwa zimeshafanywa hivyo, wakaona wenzao wote wako hivyo, wakadhani ndivyo picha nzuri inavyokuwa. Mpiga picha ana sehemu yake katika kulea macho ya mtaa. Mwonyeshe mteja uso wake ukiwa na mwanga mzuri na rangi yake mwenyewe, kisha ndipo umuulize anataka ipi. Naamini mtashangaa.

Wala msinifanye mzee anayechukia kuhariri. Ukanda huu ulikuwa ukihariri picha kabla hata kompyuta hazijafika. Studio zilipaka rangi kwa mkono picha nyeusi na nyeupe. Kule Lamu, Omar Said Bakor alikuwa akiunganisha picha kwenye chumba chake cha giza, akamweka mtu katika mazingira ambayo hakuwahi kuyakanyaga, na watu wakapanga foleni. Ila Bakor alikijua kila alichobadilisha, maana alikibadilisha kwa mikono yake na kwa kukusudia. Anayebonyeza priseti namba 412 hajui amebadilisha nini.

Limebaki la soko. Studio kubwa zikitangaza nafasi za kazi, zinataka mtu wa Photoshop. Sawa. Tabaka ni tabaka, mkunjo wa mwanga ni mkunjo wa mwanga, na histogramu inasomwa vile vile kokote. Aliyeielewa kazi kwenye GIMP atauliza vitufe viko wapi, basi. Na siku biashara yake ikisimama imara, akiona Lightroom inamwokolea saa nyingi, ailipie kwa hela ya kazi, kama anavyolipia betri na flashi, na aipandishe bei yake kwa mteja kulingana na gharama hiyo. Hapo atakuwa anajua anacholipia.

Kwa hiyo dogo, popote ulipo, jibu langu ni hili. Weka programu ya bure inayoendana na kamera yako na laptopu yako. Piga faili ghafi. Hifadhi picha za asili sehemu mbili. Usiguse kitufe chochote cha kulainisha ngozi hadi ujue kurekebisha mwanga na rangi kwa mkono. Mteja akikuuliza unatumia programu gani, mwonyeshe picha.

Na sisi tunaoajiri wapiga picha tuna kazi ya kufanya. Kila mmoja ataamua kwa harusi yake. Mimi nimeshaamua: binti yangu akiolewa, kamera hatashika mtu asiyeweza kukaa nami mezani, akanifungulia picha moja kama ilivyotoka kwenye kamera, akanieleza alichobadilisha na sababu yake. Akisema ni priseti, nitamshukuru kwa muda wake na kumwita anayefuata.