Swali Ambalo Halikuwa Kwenye Risala

Watoto wa Soweto, Afrika Kusini, hawakuomba ruhusa ya mtu. Asubuhi ya Juni 16, 1976 waliingia barabarani kwa maelfu, na mpango wenyewe wengi wao waliuficha hata kwa wazazi, maana walijua mzazi akipata habari atafunga mlango. Walikuwa wanakataa kufundishwa hesabu na maarifa ya jamii kwa Kiafrikaans. Tsietsi Mashinini, mmoja wa viongozi wao, alikuwa na umri wa miaka 19. Hastings Ndlovu, aliyepigwa risasi akafa, alikuwa na 15. Hector Pieterson, yule anayeonekana amebebwa kwenye picha ya Sam Nzima iliyozunguka dunia nzima, alikuwa na 12. Kwa kipimo chetu cha malezi, hao ni watoto wakaidi. Walimkaidi mzazi, mwalimu, waziri na polisi kwa mkupuo mmoja. Na ni kwa ajili yao kwamba tangu mwaka 1991 bara zima huadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika.

Nayasema haya kwa sababu wiki hii nilikwenda kwenye maadhimisho hayo, na tangu nirudi sijatulia.

Mengine nimeyazoea, nayapita haraka. Watoto kupangwa uwanjani tangu saa mbili asubuhi, mgeni rasmi kuwasili saa sita kasorobo. Turubai la wakubwa, jua la watoto. Masweta ya sare yamevaliwa hadi shingoni kwa sababu kuna wageni. Maji ya chupa yamejipanga meza kuu, na mtoto mmoja wa darasa la pili au la tatu akaanguka, skauti wakamchukua hadi chini ya mwarobaini, mshereheshaji hata hakukata sentensi yake. Ikafuata kwaya, ikafuata ngonjera, ikafuata risala ya watoto.

Risala aliisoma binti wa darasa la sita mwenye sauti nzuri sana. “Mheshimiwa mgeni rasmi, sisi watoto wa wilaya hii tunaiomba serikali iimarishe uratibu jumuishi wa afua za ulinzi na usalama wa mtoto.” Kwenye “uratibu jumuishi” alijikwaa, akarudi nyuma, akaruka tena. Pembeni yake mwalimu wa kike alikuwa akitikisa midomo, neno kwa neno, kama anayemsindikiza. Mimi nina watoto nyumbani. Sijawahi kumsikia hata mmoja akidai afua.

Kisha mgeni rasmi, nadhani kwa ukarimu wake tu, akatoka nje ya ratiba. Akauliza kama kuna mtoto yeyote mwenye swali. Kimya. Walimu wakatazamana. Mvulana mmoja katikati ya mstari akanyoosha mkono, akapewa kipaza sauti, akakishika kwa mikono miwili.

“Shikamoo mheshimiwa. Tulichanga mahindi na hela ya uji. Uji hatunywi. Naomba kujua mahindi yetu yako wapi.”

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mgeni rasmi naye akacheka, akasema ni swali zuri sana na walimu wake watamjibu shuleni, tukapiga makofi, kipaza sauti kikarudishwa. Nyuma yangu bwana mmoja akasema, bila hata kupunguza sauti, “Huyo Jumatatu atajuta.” Waliomzunguka wakacheka tena.

Kicheko hicho cha pili ndicho kilichonikera. Hakuna aliyeuliza, “Atajuta kwa nini?” Sote tulielewa. Watu wazima zaidi ya mia tulioletwa pale kusherehekea haki za mtoto tulijua, kama tunavyojua kesho kutakucha, kwamba mtoto akiuliza swali la kweli hadharani kuna bili ataletewa baadaye. Na tukaona ni jambo la kuchekesha.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 haina mzaha juu ya hili. Kifungu cha 11 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni yake, kusikilizwa na kushiriki katika uamuzi unaogusa ustawi wake. Uji unagusa ustawi wake. Unagusa mpaka utumbo. Lakini zipo pia kanuni za adhabu ya viboko shuleni. Wengi tunazikumbuka kwa idadi tu, kwamba visizidi vinne. Zina zaidi ya hapo: anayechapa awe mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Zinataja pia sababu za kuchapa, yaani utovu mkubwa wa nidhamu, au kosa zito ambalo uongozi wa shule unaona limeichafulia shule jina au laweza kuichafulia. Hapo kwenye jina ndipo penye shughuli. Mtoto aliyeuliza mahindi yako wapi mbele ya mgeni rasmi, ameichafulia shule jina au hajaichafulia? Mwenye kuamua ni shule ileile. (Ukivuka mpaka Namanga, viboko vilifutwa shuleni mwaka 2001, ingawa Wakenya wenyewe watakwambia fimbo haikusoma tangazo hilo siku hiyohiyo.)

Najua simu itaita. Kila nikigusa shule, yupo mwalimu mmoja mstaafu ambaye hunipigia, nami humsikiliza, kwa sababu amefundisha watu wengi kuliko wanaonisoma. Namsikia tayari. “Mwanangu, mnawapa watoto haki, wajibu mnawaficha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.” Tena ana mahali pa kushika. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa mwaka 1990, unacho kifungu cha 31 kinachoorodhesha wajibu wa mtoto, na kuwaheshimu wazazi na wakubwa kumo. Ni kifungu kizuri. Sitaki mtoto anayemjibu mama yake kwa mdomo mrefu.

Ila, mwalimu wangu, yule mtoto alianza na shikamoo. Akasema naomba. Hakumtaja mtu, hakumwita yeyote mwizi. Sasa heshima ilipungua wapi? Kama ilipungua kwa sababu tu swali lilikuwa na jibu gumu, basi tunachokiita heshima si adabu ya mtoto, ni usalama wetu sisi wakubwa. Na ninajua utakalosema baada ya hapo: kwamba mwalimu ana watoto mia na ushee darasani, hana chaki, hana nyumba, na leo anaongezewa na kuhojiwa na darasa la tano. Nakubali yote. Lakini mahindi hayakuletwa na waziri. Yameletwa na watoto, kichwani, kwenye vifuko vya plastiki na ndoo ndogo, kutoka nyumbani kwao. Elimu bila ada iliyoanza mwaka 2016 iliondoa karo; chakula cha shule kikabaki kwa wazazi. Anayechanga anauliza. Hata kwenye vikoba ndivyo ilivyo.

“Zipo njia,” utasema. Ni kweli, zipo. Lipo baraza la wanafunzi, ambalo viranja wake mara nyingi huteuliwa na walimu. Lipo sanduku la maoni; nimeliona katika shule nyingi, la mbao, limepakwa rangi ya bluu, limetundikwa ukutani nje ya ofisi ya mkuu wa shule, tena karibu na dirisha lake. Ufunguo anao yeye. Ipo namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, jambo jema kabisa, ila kwanza mtoto apate simu. Nani angeandika habari ya uji na kuitumbukiza sandukuni huku mwalimu wa zamu anamtazama? Mimi nisingeandika.

Na si uji peke yake. Watoto wa Soweto waliandamana kwa sababu ya lugha ya kufundishiwa. Sisi tunawaadhimisha kila Juni, na kila mwaka tunawachukua watoto waliosoma miaka saba kwa Kiswahili, tunawaingiza kidato cha kwanza wajifunze karibu kila somo kwa Kiingereza, kuanzia baiolojia hadi historia, pamoja na historia ya Soweto yenyewe. Kuna shule ambako aliyeponyokwa na neno la Kiswahili huvishwa kibao shingoni. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote za elimu, sekondari zikaendelea vilevile. Wabunge wamebishana, maprofesa wamebishana, wazazi wamebishana na wengi wanataka Kiingereza kwa sababu wanazozielewa wao. Sitaumaliza ubishi huo hapa. Nataka kujua tu ni lini mara ya mwisho mtu alikaa na kidato cha kwanza, mwezi wa tatu, akawauliza wanaelewa nini darasani. Wao ndio wanaokaa pale saa nane kwa siku.

Kwa hiyo mwalimu wangu akinipigia na kuniuliza, kama ninavyojua atauliza, “Unataka mtoto amhoji mkuu wa shule mali imekwenda wapi?” jibu langu ni ndiyo. Tena mstarini, asubuhi, wote wakisikia. Na mkuu wa shule atoe daftari: tulipokea debe kadhaa, tumepika wiki kadhaa, zimebaki kadhaa au hazikubaki. Kama kuni ziliisha, aseme ziliisha. Kama mpishi amegoma kwa sababu hajalipwa, aseme hivyo pia; watoto wanamjua mpishi na kwake wanapajua, pengine habari wameshaipata. Itachukua dakika tano, halafu kengele igongwe waingie darasani.