Wema Unaofuata Msiba

Katika misiba ya watoto hapa kwetu Mpanda kuna maneno yasiyokosekana: kwamba kazi ya Mungu haina makosa, na kwamba sisi tulimpenda lakini Mungu amempenda zaidi. Wanaoyasema ni watu wema. Wameacha mashamba yao, wameleta unga na kuni, wamelala nasi mkekani. Hatuandiki haya ili kuwasuta. Lakini matanga yakiisha na turubai likikunjwa, mzazi hubaki peke yake na maneno hayo, naye huanza kuyapima.

Binti yetu alikuwa na miaka sita. Ilianza kwa meno kulegea, kisha taya likavimba. Tuliambiwa ni jipu la jino, na jino likang'olewa. Wiki chache baadaye uvimbe ulikuwa umefunga jicho moja. Ulikuwa ugonjwa ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958, baada ya kuwaona nchini Uganda watoto wengi wenye taya zilizovimba, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Huwapata zaidi watoto wa maeneo yenye malaria nyingi kama yetu. Uvimbe wake hukua kwa kasi ya kutisha, lakini pia ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa vizuri zikiwahiwa. Wa binti yetu haukuwahiwa. Tulimzika katika mwezi wa tatu wa matibabu.

Katika nchi tajiri, watoto zaidi ya 80 kati ya 100 wanaougua saratani hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 wapone angalau 60 duniani kote. Sasa tuulize kwa heshima: kama kufa kwa mtoto ni dalili kwamba Mungu amempenda zaidi, je, anawapenda watoto wa Mpanda kuliko wa London? Hakuna padre wala katekista atakayesema hivyo. Kinachotofautiana si upendo wa Mungu. Ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa hadi Muhimbili, ni nauli, ni ugonjwa kutotambuliwa mapema. Hayo ni mapungufu ya dunia yetu, na tukiyaita kazi ya Mungu tunamsingizia. Yesu mwenyewe, akiwa karibu kumfufua Lazaro, alitoa machozi kwanza. Hakuwaambia Martha na Mariamu kwamba kifo kile kilikuwa kizuri.

Lipo jibu la pili, nalo linatuvuta zaidi. Tangu msiba ule, sisi na wenzetu wa jumuiya tumekuwa tukizisindikiza familia zenye watoto wagonjwa wa saratani, kutoka Inyonga, Mishamo, hata mwambao wa Karema. Tunawaeleza kwamba Bugando, Mwanza, na Muhimbili, Dar es Salaam, wapo madaktari wa saratani za watoto. Tunawaeleza kuhusu Tumaini la Maisha, shirika linalofanya kazi na Muhimbili kusaidia matibabu na malazi ya mtoto na mzazi wake. Tunachanga nauli. Mama akiwa wodini kwa miezi, kuna anayepalilia mahindi yake na anayewapikia watoto waliobaki. Wapo waliorudi wamepona. Ndipo watu hutuambia: mnaona, ndiyo sababu Mungu alimchukua wenu.

Hatuwezi kukubali. Baba mwenye haki hamuui mtoto mmoja ili majirani wapate somo. Historia ya Karema inatusaidia kuliona hili. Adrian Atiman alitekwa na wafanya biashara ya watumwa akiwa mtoto, mbali huko upande wa Timbuktu. Wamisionari wa Afrika walimkomboa, akasomea udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kuwatibu watu wa ziwa hilo mpaka alipofariki mwaka 1956. Vizazi vizima vilipona mikononi mwake. Je, tuseme wizi ule wa mtoto ulikuwa mwema? Hapana. Uovu ulibaki uovu, na Mungu hakuuacha uwe na neno la mwisho. Kuokoa kitu kutoka katika uovu si sawa na kuupanga.

Kitabu cha Ayubu kinaonyesha jambo hilohilo. Mwishoni mifugo yake ilirudishwa maradufu, lakini watoto walikuwa idadi ileile: wana saba na mabinti watatu. Ngamia hulipwa kwa ngamia. Mtoto hafidiwi. Tunapenda kusadiki kwamba hesabu haikuongezwa kwa sababu wale wa kwanza bado walikuwa wake.

Basi kwa nini tunasaidia? Si kulipia kifo wala kukipa maana. Upendo tuliokuwa nao kwa binti yetu haukuzikwa naye. Na njia tuliyopita tunaijua: foleni zake, gharama zake, usiku wake. Anayeijua njia akimwacha mwenzake aipapase gizani, hapo ndipo lilipo kosa.

Ndugu msomaji, ukimwona mtoto mwenye taya au tumbo linalovimba, meno yanayolegea bila sababu, au mboni inayong'aa nyeupe, sali, na siku hiyohiyo mpeleke hospitali. Ukienda kwa waliofiwa, kumbuka kwamba rafiki za Ayubu walifanya vyema siku saba walizokaa chini pamoja naye kimya. Waliharibu walipoanza kueleza. Beba maji, kaa mkekani, na baada ya miezi, wengine wanapokuwa wamesahau, rudi ulitaje jina la mtoto. Hata sasa jina la binti yetu likitajwa tunalia, lakini tunafurahi limetajwa.