Utu na Umbo katika Filamu ya The Fly

Wahakiki wengi wameifasiri filamu ya The Fly (1986) ya David Cronenberg kuwa jazanda ya UKIMWI. Ilitoka wakati ugonjwa huo ulipokuwa umezusha hofu kubwa nchini Marekani, hivyo fasiri hiyo haiwezi kupuuzwa, ijapokuwa Cronenberg mwenyewe ameeleza kwamba aliwaza zaidi juu ya uzee na maradhi kwa jumla. Hata hivyo, chini ya maudhui hayo mna hofu nyingine: mwili unapoharibika, ni nani anayebaki ndani yake?

Seth Brundle, mwanasayansi aliyebuni mtambo wa kusafirisha vitu kwa kuvichangua na kuviunda upya, aingia humo pamoja na nzi asiyemwona. Kompyuta yawaunganisha. Mwanzoni ajigamba kwa nguvu mpya. Kisha kucha, meno na sikio vyamtoka, naye avihifadhi katika kabati ya bafuni mithili ya masalio ya marehemu. Sikio linapoanguka, Veronica, mpenzi wake, amkumbatia. Kinyaa, basi, hakijaushinda upendo.

Baadaye Brundle amsihi aondoke, kwani mdudu hana huruma, na akibaki atamdhuru. Hapa ndipo penye kiini cha filamu. Anayeuhofia ukatili wake mwenyewe wa kesho angali mtu leo. Lakini onyo hilo halimzuii: amteka Veronica, aliye na mimba yake, ili wote watatu wawe mwili mmoja.

Sarufi ya Kiswahili haitusaidii sana katika suala hili. Twasema kiwete amekuja, kipofu ameketi. Umbo la nomino labadilika, upatanisho wa kiumbe hai wabaki. Nzi naye hupewa upatanisho uo huo. Uhai wakiriwa, utu haukuamuliwa.

Mwishoni, kiumbe asiyeweza tena kusema atambaa, ashika mtutu wa bunduki aliyoishika Veronica na kujielekezea kichwani. Tendo hilo lamnyang'anya Veronica faraja ambayo pengine ingaliwezekana, yaani kuamini kwamba Brundle alikwisha kutoweka na kwamba anayeuawa ni mdudu tu. Mdudu haombi kufa. Aliye mbele yake ni yule yule aliyemkumbatia, naye anaombwa amtendee jambo ambalo asingelithubutu kumtendea mtu. Asita, alia. Kisha afyatua.