Oili ya Motokaa na Maji ya Jirani



Katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 21, imo sheria fupi ambayo wengi wetu huipita upesi. Ni habari ya mtu achimbaye shimo asilifunike, kisha ng'ombe au punda wa mwenziwe akatumbukia humo akafa. Sheria haimwulizi mtu yule kama alikusudia mabaya. Wala haimwulizi kama alikuwa na ruhusa ya kuchimba. Yawezekana shimo lenyewe lilikuwa kisima chenye manufaa. Yatazama jambo moja tu, kwamba aliliacha wazi. Kwa sababu hiyo hana budi kulipa.

Shimo tutakalolinena leo halichimbwi kwa jembe. Ni oili chafu itokayo katika motokaa zetu.

Wakristo wengi wa sharika zetu hapa mlimani Kilimanjaro wana motokaa siku hizi, na baadhi yao hawaipeleki gereji kwa kila kazi ndogo, bali hubadili oili na chujio wenyewe uani, Jumamosi alasiri, pamoja na watoto wao. Sisi twalisifu jambo hili. Mtu aitumikiaye mali yake kwa mikono yake huijua, wala hategemei neno la mwingine kwamba oili imebadilishwa. Wako wanaodhani kwamba kazi ya kuchafua mikono haimpasi mzee wa kanisa, sembuse mchungaji. Hatuna shauri moja nao.

Yafaa tujue kwanza kazi ya oili, maana asiyeijua huona ni gharama ya bure. Ndani ya injini vyuma vyakimbia juu ya vyuma, mara elfu mbili na zaidi kwa dakika moja. Oili hukaa katikati yao kama utando mwembamba, visigusane. Tena huchukua joto, huzuia kutu, huokota masizi na chembe za chuma zilizolika, na kuzishika zisitulie chini. Ndiyo maana oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi upesi baada ya kutiwa. Weusi huo si dalili ya ubovu, bali ni dalili kwamba yafanya kazi. Wahubiri wengine hupenda kuilinganisha na mafuta ya wale wanawali kumi. Sisi hatuoni kwamba mfano huo wafaa sana, kwa kuwa mafuta ya taa yaliwekwa yawake yakaisha, bali oili hii haikuwekwa iwake. Hubeba uchafu wa vingine mpaka isiweze kubeba tena.

Motokaa za zamani hazikuwa na chujio la oili. Ile Ford Model T, iliyotengenezwa tangu mwaka 1908 hata 1927, haikuwa nalo. Mwaka 1923 Wamarekani wawili, Ernest Sweetland na George Greenhalgh, waliomba hataza ya chujio lao, wakaliita Purolator. Chujio tulijualo sana leo, ambalo mafundi huliita filta, ni kopo la chuma lenye karatasi iliyokunjwakunjwa ndani yake. Nalo lina siri ambayo twataka kila mwenye motokaa aijue. Karatasi ikijaa uchafu, injini haizimiki. Katika machujio mengi, au katika injini yenyewe, mna mlango mdogo wenye springi. Oili ikishindwa kupita katika karatasi, mlango ule hufunguka, nayo hupita pembeni bila kuchujwa. Maana wenye kuunda injini waliona ni heri ipate oili chafu kuliko kukosa oili kabisa. Basi motokaa huendelea kwenda, taa ya hatari haiwaki, sauti haibadiliki, na mwenyewe husema, Mbona yaenda vizuri? Kumbe tangu miezi mingi hakichujwi kitu. Enyi wainjilisti, hatuna haja ya kuwaonyesha jinsi jambo hili lifananavyo na dhamiri ya mtu, mtaliona wenyewe.

Sasa twende kwenye kazi. Kitabu cha motokaa ndicho kisemacho ni oili ya namna gani na kiasi gani. Motokaa ndogo nyingi huchukua lita 3 na nusu hata lita 5, na kubwa huzidi. Kisomeni hicho kuliko kumsikiliza mpita njia. Alama kama 15W-40 yaeleza unene wa oili: namba iliyo mbele ya herufi W ni ya wakati wa baridi, na ile ya pili ni ya injini ikiwa imepata moto. Washeni injini dakika chache ili oili iwe nyepesi, kisha izimeni. Msiifungue ingali ikichoma, kwani huunguza mkono vibaya.

Kama ni lazima kuiinua motokaa, hapo twataka kukaa kidogo. Jeki yatumika kuinua. Haikuwekwa kushikilia motokaa juu ya mtu. Huteleza, hasa penye udongo na mtelemko, na sisi wa mlimani twajua jinsi mahali tambarare palivyo pachache. Asiingie mtu chini mpaka motokaa imekaa juu ya stendi za chuma, na magurudumu yaliyobaki chini yamezuiwa kwa magogo. Matofali yasitumike, hupasuka ghafula. Kama stendi hazipo, azimeni, au acheni kazi mpaka siku nyingine. Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 alifundisha kwamba amri ya tano haitimizwi na mtu asiyeua tu. Yadai pia tumsaidie jirani katika haja zote za mwili wake. Kijana aliyelala chini ya motokaa ameshika spana ndiye jirani wa baba yake saa ile.

Wekeni karai pana, fungueni nati ya chini ya sampu, oili itoke mpaka yabaki matone. Nati irudishwe na wosha mpya, ikazwe vya kutosha, lakini isikazwe kwa hasira, maana meno ya tundu lake huharibika. Chujio la zamani lifunguliwe juu ya karai lile lile, kwa kuwa nalo lina oili, na mtazame kama mpira wake umetoka nalo. Mpira wa zamani ukisalia, na mpya ukakaa juu yake, oili yaweza kuruka yote njiani na injini ikafa. Mpira mpya upakwe oili kidogo kwa kidole, chujio likazwe kwa mkono. Kisha mimineni oili mpya, washeni injini, tazameni chini kama pana mahali pavujapo, izimeni, ngojeni kidogo, mkapime kwa kijiti chake.

Watu wengi hukoma hapa. Hufunga boneti, hunawa mikono, na karai humwagwa nyuma ya nyumba, migombani. Hapo ndipo sheria ile ya shimo ianzapo.

Oili chafu si oili mpya iliyogeuka rangi tu. Ina masizi, vumbi la chuma, na sumu zifanywazo na moto wa injini. Panya waliopakwa oili ya namna hiyo ngozini mara kwa mara katika majaribio walipata saratani ya ngozi. Basi vaeni glavu, au naweni kwa sabuni mara moja. Idara ya serikali ya Marekani ilindayo mazingira imeandika kwamba oili itokayo katika motokaa moja, mara moja tu, yaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Nasi tuna mifongo, ambayo babu zetu waliichimba ili maji ya mito ya juu yafike mashambani. Maji yapitayo kwetu asubuhi humfikia jirani wa chini baadaye. Ng'ombe wake hunywa, na mkewe huosha mboga. Mvua ya masika huiosha oili kutoka migombani na kuipeleka mfongoni. Jirani hajui ilikotoka, wala haoni mtu wa kumdai. Nabii Ezekieli, mlango wa 34, awakemea kondoo wanywao maji safi kisha wakayachafua yaliyosalia kwa miguu yao, hata wenzao hunywa matope. Kondoo wale hawakutoka katika zizi la kigeni. Walikuwa wa kundi moja na wale waliokunywa matope.

Twayajua majibu ya watu. Mmoja husema, Mimi siitupi, naipaka nguzo za nyumba zisiliwe na mchwa. Mwingine humpaka mbwa mwenye ukurutu, na mwingine huimwaga barabarani kutuliza vumbi. Wazee waliofanya hivyo hawakujua, nasi hatuwalaumu. Lakini oili ya nguzoni huoshwa na mvua, ya barabarani huingia mtaroni, na mbwa hujilamba. Shimo limehamishwa, halikufunikwa.

Imimineni kwa faneli katika dumu lenye kifuniko, wala msiichanganye na petroli, na maji, wala na dawa ya kahawa. Chujio kuukuu ligeuzwe juu ya karai usiku kucha, lichuruzike lote. Dumu liandikwe kwa herufi kubwa OILI CHAFU, likawekwe mbali na watoto, kwa sababu mafuta ya kula nayo huuzwa katika madumu kama hayo. Kisha lipelekwe kwenye gereji au kituo cha mafuta kikusanyacho oili chafu, ambayo yaweza kusafishwa upya au kuchomwa katika tanuru zenye moto mkali kama zile za saruji. Ulizeni kwanza waipeleka wapi. Wakijibu kwamba huimwaga nyuma ya ukuta, chukueni dumu lenu mrudi nalo.

Safari ya mjini kwa ajili ya dumu moja ni ghali, twakubali. Kwa hiyo twashauri kila usharika uwe na pipa moja zima, lenye kifuniko, lililowekwa chini ya paa juu ya sakafu ya saruji, na mzee mmoja wa kanisa awe na ufunguo. Likijaa, lipelekwe mara moja kwa gharama ya wote. Wengine watasema kwamba pipa la oili chafu halistahili kukaa kiwanjani mwa kanisa. Sisi twaona lastahili kukaa hapo kuliko oili hiyo kukaa katika mfongo wa mjane. Na liwe tayari kabla ya masika, na kila mwenye dumu nyumbani alilete Jumapili baada ya ibada, likiwa limefungwa vema.