Je, Yafaa Kumcheka Mtoto kwa Mwili Wake?

Vitabu vya picha ndivyo vitanguliavyo kuingia mikononi mwa wana wetu, kabla hawajajua kusoma hata herufi moja. Na mtoto hukisadiki akionacho kabla hajakipima kwa akili. Kwa hivyo yatupasa tuulize: vitabu hivi vyamfunza nini juu ya mtu mnene?

Twaviona kuwa ni vya namna tatu. Namna ya kwanza huufanya unene kuwa kichekesho na alama ya tabia mbaya. Katika hadithi ya Roald Dahl ya kiwanda cha chokoleti, iliyotoka mwaka 1964, mtoto mlafi ndiye mnene, na aibu yake ndiyo furaha ya msomaji. Mwaka 2023 ilijulikana kuwa wachapishaji wa Uingereza wameliondoa neno "mnene" wakatia lenye maana ya "mkubwa mno". Neno limebadilika, kicheko kimebaki palepale.

Namna ya pili ni mfano wa Maggie Goes on a Diet, kitabu cha Paul Kramer kilichotoka Marekani mwaka 2011. Msichana wa miaka 14 achekwa na wenzake; apunguza mwili, ndipo apata sifa katika mchezo wa mpira. Huenda nia ni njema, lakini mtoto hufahamu kwamba heshima hununuliwa kwa ratili za mwili.

Namna ya tatu ni Big, cha Vashti Harrison, kilichopata medali ya Caldecott mwaka 2024. Humo mtoto asifiwa kwa kuwa mkubwa, kisha neno lilo hilo lageuzwa kuwa tusi. Na mwisho awarudishia watu maneno yao yaliyomuumiza.

Sisi twasema: hiki cha tatu ndicho kilicho karibu zaidi na haki. Katika Surat al-Hujurat, aya ya 11, tumekatazwa kudharauliana na kuitana majina ya kejeli. Na Masahaba walipoucheka wembamba wa miguu ya Abdallah bin Masud, Mtume (S.A.W.) aliwajulisha ya kuwa miguu hiyo katika mizani ni mizito kuliko mlima Uhud. Hakuambiwa anenepe kwanza ndipo aheshimiwe.

Huenda mtu akasema: je, dini haikukataza israfu ya kula? Naam, imekataza, na Mtume ametufunza theluthi ya tumbo iwe ya chakula, theluthi ya maji, na theluthi ya pumzi. Lakini ulafi ni kitendo, na unene ni umbo. Wako wanene wasiokula sana, na wako wembamba walafi. Tena mtoto hapiki wala haendi sokoni. Mzazi ampaye mwanawe soda na vibanzi kila jioni, kisha akamwita "bonge" mbele ya wageni, amemwadhibu mtoto kwa amana aliyoivunja yeye mwenyewe.

Majina haya, "bonge" kwa huyu na "ng'onda" kwa yule, yamezoewa mitaani mwetu hata hayahesabiwi kuwa ni dhambi. Na mazoea hayahalalishi haramu. Basi mzazi na akisome kitabu kabla ya kumpa mtoto, na atazame ni nani achekwaye humo. Na penye haja ya kupunguza mafuta na sukari, na zipunguzwe jikoni, kwa nyumba nzima, pasi na kumtaja mtu.

Wabillahi tawfiq.